Jinsi ya kusema la siri kwa lugha nyingine mbele ya watu

Desemba moja, miaka kadhaa iliyopita, mimi na shangazi yangu tulisimama mbele ya beberu mwekundu katika soko la Sondu, mahali ambapo Wajaluo, Wakipsigis na Wakisii wamezoea kukutana na kuuziana mali. Mzee mwenye mbuzi, Mkipsigis aliyevaa koti zito licha ya jua, alikuwa ametaja shilingi elfu tano na mia tano. Shangazi alinigeukia akaniambia kwa Kijaluo, kwa sauti ya mtu anayeulizia habari za nyumbani, kwamba tuanze na elfu tatu na tusivuke elfu nne. Mzee alitazama pembeni, akakohoa, kisha akasema kwa Kiswahili, "Basi mama, kwa kuwa ni sikukuu, nipe elfu nne." Tangu hapo hakushuka hata shilingi kumi. Tulipokwisha kumlipa alicheka na kutueleza kwamba Kijaluo hakijui kabisa, ila masikio yake yalikamata maneno mawili: alufu, ambayo si kitu kingine ila elfu ya Kiswahili, na ang'wen, ambayo kwa Kikalenjin ni ang'wan, yaani nne. Tatu yetu ni adek na yao ni somok, kwa hiyo ile bei ya chini ilimpita, ile ya juu ikamwingia.

Nimezaliwa karibu na Luanda, baba Mjaluo na mama Mnyore, yaani Mluhya wa Bunyore, na sasa naishi Nakuru, kwa hiyo mambo haya ya kusema huku ukificha nimeyafanya tangu utotoni na nimefanyiwa pia. Ninayoyaeleza hapa yamekusudiwa mtu mwenye haja ya kweli: anayepatana bei, anayetaka kumwambia mwenzake kwamba nauli haitoshi, anayemtahadharisha ndugu yake kwamba kuna mkono karibu na mfuko wake, au mama anayetaka kujua kutoka jikoni kama wageni walioongezeka watakula ugali uliopo. Anayetaka kumsengenya mtu akiwa amekaa naye kiti kimoja, huyo simsaidii.

Jambo la kwanza ni kujua aliye karibu nawe, na hapa ndipo wengi huanguka. Watu hutazama sura, husikia jina, kisha huamua kwamba huyu haelewi. Katika sehemu zetu dalili hizo hazina maana kubwa. Pale Luanda na Maseno, ambapo Wanyore na Wajaluo wamepakana, mtoto hukua akisikia lugha zote mbili sokoni, na kumpata mtu mzima asiyeelewa mojawapo ni kazi. Muhoroni ina wakulima wa miwa wa makabila kadhaa, na Busia utakuta mwanamke mmoja akiuza kwa Kiteso, Kiluhya na Kiswahili kabla ya saa nne asubuhi. Kisumu, ambako reli ilifika mwaka 1901 na kuwaleta wafanyabiashara wa Kihindi, wapo wenye maduka wanaopatana bei kwa Kijaluo kilichonyooka kuliko changu, na wapo wafanyakazi wao ambao wamesikia Kigujarati kwa miaka mingi kiasi kwamba wanajua bosi akisema mteja apunguziwe. Nakuru nayo ilijengwa na reli na mashamba ya walowezi yaliyovuta vibarua kutoka kila upande, na mpaka leo, katika ploti za Kaptembwa au Bondeni, mfereji mmoja huchotwa maji na Mkikuyu, Mkalenjin, Mjaluo, Mluhya na Mkisii. Mtoto wa hapo huenda asiweze kuzungumza lugha ya jirani, lakini kuelewa anaelewa.

Kwa hiyo pima kabla ya kusema. Njia ninayoitegemea ni ya siafu: huku ukitazama mbali, mwambie mwenzako kwa lugha yenu, bila kupandisha sauti, kwamba kuna siafu wanapanda miguuni mwa watu hapa. Anayeelewa atatazama chini kabla hajajizuia. Asiyeelewa ataendelea na shughuli yake. Njia hii hufaa kwenye matatu, kwenye foleni na kwenye benchi la zahanati, ila usiitumie mara mbili mahali pamoja. Isipofaa, salimia kila aliyepo kwa lugha unayotaka kuitumia. Atakayeitikia amekuokoa, na kwa hilo hujapoteza chochote.

La pili ni kuchagua lugha, kama unazo mbili au tatu. Kanuni ya jumla ni kwamba lugha iliyo jamaa ya Kiswahili huvuja kwa kila anayejua Kiswahili. Kiluhya, Kikisii na Kikuyu zote ni lugha za Kibantu, na ingawa sarufi yake itampiga chenga msikilizaji, majina ya vitu hujitokeza yenyewe. Mnyore akisema omwana, kila Mkenya anajua ametajwa mtoto. Akisema ing'ombe au inyama, hakuna haja ya mkalimani. Kwa Kijaluo mtoto ni nyathi, ng'ombe ni dhiang', nyama ni ring'o, maji ni pi, na nyumba ni ot, maneno ambayo hayamshiki mkono mtu wa Kiswahili hata kidogo. Kikalenjin nacho kina lakwet kwa mtoto na beek kwa maji. Lakini Kijaluo na Kikalenjin zenyewe ni jamaa wa mbali, zote za Kiniloti, na ile nne iliyotuponza Sondu ni ukumbusho kwamba udugu wa lugha haufi hata wenyewe wasipoelewana.

Waluhya nao wasidhani kwamba wote huelewana sawasawa. Mbukusu na Mmaragoli wanaweza kuketi pamoja na kuhitaji Kiswahili ili mazungumzo yaende, ilhali Mnyore na Mwanga wataelewana pasipo shida. Hilo linaweza kukusaidia au kukuumbua, kutegemea ni nani aliyeketi nyuma yako.

Kiingereza usikihesabu kama maficho, kwa sababu aliyepita darasani anakijua, na asiyekijua anajua maneno yale yale unayotaka kuyaficha. Sheng ina nafuu kidogo, kwa kuwa maneno yake hubadilika kutoka mtaa hadi mtaa na kutoka mwaka hadi mwaka, lakini faida hiyo ni ya vijana dhidi ya wazee tu. Kondakta wa matatu hafichwi kitu kwa Sheng.

Kwa wanandugu ambao hawana lugha nyingine ila Kiswahili, kuna mchezo wa zamani wa pwani uitwao kinyume, ambao watoto wa bara pia huucheza likizo: silabi ya mwisho ya neno hupelekwa mwanzoni. Pesa inakuwa sape, chakula kinakuwa lachaku, kesho inakuwa shoke, na mgeni haondoki inakuwa nimge kihaondo. Mkifanya mazoezi wiki moja mtazungumza kwa kasi ambayo mtu mzima hawezi kuifuata. Kasoro yake ni moja na inachekesha: mama akigeuzwa anabaki mama, baba anabaki baba, na vivyo hivyo dada, kaka na bibi. Nyinyi mtakuwa mmeficha kila kitu isipokuwa mtu mnayemzungumzia.

Hapo ndipo tunafika kwenye kiini cha jambo lenyewe, yaani maneno yanayovuja. Hata lugha iwe ngeni namna gani, sentensi zetu za kila siku zimejaa vitu ambavyo havina jina jingine. Tarakimu ndizo adui wa kwanza, kwa kuwa wengi wetu tukifika kwenye pesa tunarukia Kiswahili au Kiingereza bila kujijua, na hata tusiporukia, elfu imo ndani ya Kijaluo kwa jina la alufu. Adui wa pili ni majina ya watu na mahali. Baada ya hapo kuna simu, hospitali, polisi, benki, risiti na siku za wiki, ambazo wengi huzitaja kwa Kiingereza. Fanya jaribio hili ukiwa nyumbani: sema kwa lugha yako, "Mwambie mwenye nyumba nitamtumia elfu sita kwa simu Ijumaa," kisha hesabu ni maneno mangapi ambayo jirani asiyejua lugha hiyo angeyatambua. Kwa kawaida yatabaki machache sana ya kukisia, na hayo hayahitaji akili nyingi.

Dawa ni kupatana mapema juu ya maneno ya badala. Wamarekani walijifunza hili vitani. Mwaka 1942 kikosi cha Marines kiliwaandika vijana 29 wa kabila la Navajo ili watunge namna ya kupitisha ujumbe kwa redio katika vita dhidi ya Japani, na hawakutumia lugha yao ikiwa tupu. Waliweka msimbo ndani yake, kifaru cha vita kikaitwa kwa neno la Kinavajo la kobe, na vitu vingine vya kijeshi vikapewa majina yake ya siri vivyo hivyo. Wajapani walikuwa na mateka Mnavajo, Joe Kieyoomia, aliyekamatwa Ufilipino. Walimtesa awafasirie, lakini yeye alisikia maneno ya lugha ya mama yake yasiyojenga maana yoyote. Siri ilikuwa kwenye mapatano, na lugha ilikuwa ukuta wa nje tu.

Nyumbani hatuhitaji msimbo wa vita. Maneno sita au saba yanatosha: moja la pesa, moja la mwenye nyumba, moja la kusema tuondoke, moja la kusema usikubali, moja la hatari, na mawili ya watu mnaowataja mara nyingi. Kwetu mwenye nyumba ni mvua, na mtu akichungulia dirishani na kusema koth biro, yaani mvua inakuja, kila mtu anajua la kufanya. Tulikosea jambo moja. Januari, jua likiwa kali na mbingu hazina hata wingu, dada yangu alitangaza mvua mbele ya mgeni Mjaluo, na mgeni akatoka nje kuanua nguo zetu. Chagueni neno linaloweza kusemwa majira yote bila mtu kuinua macho.

Tarakimu zenyewe ni bora zisisemwe. Andika kiasi kwenye kikokotoo cha simu na umwonyeshe mwenzako, kana kwamba unamwonyesha picha ya mtoto. Kwa wakala wa M-Pesa usitaje salio wala nambari ya siri kwa lugha yoyote ile, hata ya babu yako, kwa sababu mtu aliye nyuma yako hahitaji kujua sarufi ili akariri tarakimu nne.

Simu nayo ina njia yake, na ninaiona bora kuliko lugha zote. Ukipigiwa ndani ya matatu kutoka Nakuru kwenda Kisumu, na safari ni ndefu na viti vimebanana, mwombe aliyepiga aulize maswali ya ndiyo na hapana. Siri yote ibaki upande wake, nawe uitikie kwa kifupi. Abiria wenzako watasikia ee, la, bado, labda kesho, na hata wakijua Kijaluo, Kikuyu na Kikisii kwa pamoja hawatapata chochote.

Kuhusu mwili nitasema kidogo. Usinong'one, kwa sababu mnong'ono huamsha masikio yaliyokuwa yamelala. Usimwelekeze mtu kwa mdomo, tabia ambayo sisi wa magharibi tunayo sana, maana midomo iliyochomozwa upande wa mgeni haihitaji tafsiri. Kicheko kisubiri. Anayekuona ukisema jambo, ukimtazama, kisha ukacheka, ataamini unamsema yeye hata kama mlikuwa mkizungumzia mbuzi. Vilevile usibadilishe lugha pale tu mtu anapoingia mlangoni. Kama unajua utahitaji faragha, anza na lugha hiyo kabla hajafika. Shuleni kwetu, ambako aliyenaswa akizungumza lugha ya mama alivishwa kibao shingoni mpaka amnase mwenzake, tulijifunza kusema bila kutikisa midomo, lakini ujuzi huo sijauona ukimfaa mtu mzima yeyote.

Sasa adabu, ambayo naiweka kati ya mbinu na si pembeni, kwa kuwa inalinda siri yako kuliko msamiati. Mtu aliyeombwa radhi hategi sikio. Sema waziwazi, "Samahani, mama, naomba nimwambie mdogo wangu neno moja la nyumbani," kisha useme sentensi mbili au tatu na urudi kwenye Kiswahili. Ukimaliza, mpe aliyebaki nje kitu cha kushika: "Tulikuwa tunapanga nani atabaki na watoto." Si lazima umweleze kila kitu, ila kisiwe uongo. Kwa mzee, ombi hilo litangulie, wala usisubiri akutazame kwanza.

Kuna mahali ambapo mbinu hizi zote zisitumike. Mkutano wa chama, usaili wa kazi na kamati ya harambee ni baadhi. Kitanda cha mgonjwa ambaye peke yake haelewi lugha ya waliomzunguka ni mahali pengine, na nimeona mke wa kaka yangu, ambaye ni Mkamba, akilala akitutazama midomo huku tukijadili ugonjwa wake kwa Kijaluo. Tulidhani tunamhurumia. Kama kuna jambo la bili au la daktari, tokeni nje ukumbini mliseme huko, na hata huko mkumbuke kwamba mwenye kupiga deki anaweza kuwa mtu wa kwenu.

Tena katika Nakuru, na Kisumu pia, lugha ina kumbukumbu. Waliokuwepo wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 wanajua kulikuwa na majuma ambapo lugha uliyoitikia nayo salamu ingeweza kuamua kama utapita au hutapita. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 ilizaliwa kutokana na hayo. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 44, inampa kila mtu haki ya kutumia lugha anayoichagua, na haki hiyo naitetea. Hata hivyo, jirani akiwasikia watu wanne wakizungumza ghafla kwa lugha asiyoijua huku wakimtazama, hasa msimu wa kura, moyo wake hausomi katiba. Wakati huo mtu mwenye busara huiacha siri yake mpaka afike nyumbani.

Wazazi nao wana tatizo lao peke yao. Wengi hutumia lugha ya nyumbani kama kabati la kufichia watoto mambo, na watoto hujifunza kilichomo kabatini kabla ya kitu kingine chochote. Neno la kwanza la Kinyore nililolielewa vizuri lilikuwa khutsia, kwenda, kwa sababu mama alilitumia kila alipopanga kwenda sokoni bila sisi, na tulikuwa tumevaa viatu kabla hajafunga kitenge. Kama unataka mtoto ajue lugha ya babu zake, ificheni soda ndani yake. Kama unataka siri, msubiri alale.

Mwishowe kuna siku ya kunaswa. Utasema jambo, na mtu uliyemdhania hajui atageuka na kukujibu kwa lugha ile ile. Usikane, wala usidai ulikuwa ukimsema mtu mwingine, maana amesikia vizuri. Omba radhi papo hapo, kwa lugha aliyokujibu nayo, na ulisawazishe jambo lenyewe: kama ni bei, itaje bei yako ya kweli. Na ukiwa wewe ndiye unayeelewa bila wao kujua, jitokeze mapema kwa salamu au kwa kuuliza njia, kwa sababu ukikaa kimya nusu saa halafu ukaaga kwa lugha yao, aibu mtagawana. Mzee wa Sondu alitungoja tulipe kwanza, lakini yeye alikuwa na mbuzi wa kuuza.

Shangazi yule sasa ana duka dogo karibu na soko la Kibuye, Kisumu, na huhesabu noti kwa sauti kama alivyohesabu siku zote. Ila akiwa na mteja asiyemjua mbele yake, husema achiel, ariyo, adek, hunyamaza kidogo huku noti moja ikipita, kisha huendelea na abich.